Shaba ya Karai la Shangazi

Mkoi wangu Athumani,

Barua zote tulizofundishwa kuandika huanza kwa kuulizana hali. Mimi ni mzima, sijui wewe. Sasa wewe nikuulize nini? Hali yako naijua, nilikubeba mwenyewe upande wa miguuni, na nikwambie kweli, kwa mtu aliyekuwa akijisifia wembamba ulikuwa mzito wallahi. Mimi Kazungu, mtoto wa mjomba wako, mtani wako wa kuzaliwa, ni mzima. Mgongo unaniuma kidogo kwa kulala chini ya gari. Lile gari letu. Ndilo lililonikalisha hapa juu ya debe lililopinduliwa, katika kibanda changu cha ufundi bati hapa Kisumu Ndogo, niandike barua ambayo hakuna posta itakayoichukua.

Nianze na utani, maana nisipoanza nao utasema nimeharibika. Hivi aibu huoni? Mtu aliyepita njia za makonge ya Kilifi gari likienda ubavuubavu, vumbi mpaka kwenye meno, watoto wakipiga mayowe pembeni! Mtu aliyepasukiwa na tairi la mbele kwenye mteremko wa feri akacheka! Mtu huyo anakwenda kufa kitandani kwa homa, amefunikwa shuka ya maua ya mama yake. Mbu, Athumani. Mbu ndiye aliyekupita, na wala hakupiga honi.

Basi. Hilo nilikuwa nalo kifuani tangu siku ile.

Nikupe habari za matanga yako kwanza, kwa sababu yote niliyokuja kukwambia yalianzia hapo. Unaijua kazi ya mkoi msibani, wewe mwenyewe uliifanya alipokufa babu, ulipovaa koti lake ukakohoa kikohozi chake mpaka bibi akakurushia kata. Kwetu mtani hakai kimya. Humsema marehemu, humwigiza, mpaka waliofiwa wacheke wapende wasipende, na akisema hapana wa kumkasirikia. Siku ya tatu wazee wa kwetu Vitengeni walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa mama yako pale mtaani Barani, na watu wa mjini wamekaa kwenye mikeka yao, na wote wakawa wananitazama mimi. Nikaingia ndani, nikatoka nimevaa helmeti yako. Nikalaza kinu chini, nikakipanda, nikashika uteo ukawa usukani. Nikakuendesha, mkoi! Nikatoa ulimi nje kwenye kona, kama ulivyokuwa ukitoa wewe. Nikabishana na mtu wa feri. Nikashuka kusukuma. Hata sheikh aligeuza uso upande wa pili, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Na mama yako akacheka. Shangazi, ambaye tangu usiku wa mauti hakuwa ametia hata chai mdomoni, alishika nguzo ya baraza akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Kichwa kikanivimba. Nikaona haya ndiyo mambo, niongeze. Nikasimama juu ya kinu nikasema kwa sauti: huyu hata gasketi hakununua! Alikata karai la halwa la mama yake akalitia kwenye injini, ndiyo maana gari lake likinguruma linanukia iliki!

Wakaangua kicheko wote. Shangazi naye alicheka, kisha akanyamaza kabla ya wenzake. Akawa anatazama upande wa mlango, walikokaa wanawake wa mtaa. Nami nikatazama. Alikuwepo Bi Rukia, jirani wa mlango wa mbele, amekuja kwa kuwa msiba huwaleta hata wasiosemezana. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na hakuwa akicheka.

Mimi sikujua, Athumani. Haki ya Mungu sikujua. Uliniambia mama ameridhia.

Acha nirudi nyuma kidogo, nipumue. Naukumbuka mchana ule ulipomleta Chongo, amefungwa kamba nyuma ya lori la nazi, taa moja hana, waya zinaning'inia mahali pa jicho. Kigari cha Kijapani cha milango miwili, rangi ya chai iliyopoa, ulichokitoa kwa mwenye hoteli aliyekuwa akirudi kwao. Chini kote kumeliwa na chumvi, ukikaa unaona barabara. Jina alipewa siku hiyohiyo na watoto wa Barani, na hata tulipomtia taa ya pili jina halikutoka. Mimi nikamziba kwa viraka vya mapipa ya mafuta ya kupikia, ukiinama unasoma maandishi. Wewe ulikuwa karani wa ghala la pamba, mikono laini, kalamu sikioni, hujawahi kushika spana. Ulikuwa na jarida moja la Kizungu la magari ya mashindano, halina jalada, umelisoma mpaka limekuwa laini kama kitambaa. Kila ukitoka kazini ulivua shati jeupe ukalitundika kwenye mwembe wa jirani, ukaingia chini ya Chongo. Ulifungua ukafunga, ukafungua ukafunga. Skrubu zilibaki kila mara, ukasema Mjapani hutia za ziada.

Nilikuwa msoma njia wako. Ati msoma njia! Vijana wa Mombasa na Wazungu wa mahoteli walikuwa na karatasi zao zilizochapwa, msoma njia anasoma kwa namba, kona ya pili, kona ya nne, dereva anajua apinde kiasi gani. Mimi namba zikinijia mbiombio zinanichanganya. Ndipo tukatunga zetu. Kona ya chai ni ile unayoipita umeshika kikombe na hakimwagiki. Kona ya uji ni ya kushika kwa mikono miwili. Na kona ya halwa, hiyo ni ya kushusha gia na kuzungusha kwa bega zima, kama mtu anayekoroga karai kwa mwiko. Tukakaa ndani ya Chongo uwanjani, hana hata magurudumu, yuko juu ya mawe, umefumba macho umeshika usukani, nami naitaja njia yote ya Vitengeni kutoka mjini mpaka kwetu. Chai kushoto. Uji kulia. Halwa kushoto, halwa, halwa! Na mama yako pale jikoni kwake, hatua chache tu, anakoroga halwa yenyewe huku jasho linamtoka, anatutazama: "Nyinyi wawili mna akili kweli?"

Furaha ile, mkoi. Sijui kama niliishukuru wakati ule. Nilidhani ni mambo ya kila siku.

Tatizo letu lilikuwa gasketi. Ulikipeleka kichwa cha injini Mombasa wakakipunguza, ili injini iyakabe mafuta kwa nguvu zaidi, na nguvu ilikuja, lakini gasketi za dukani hazikuiweza. Lile bamba jembamba linalokaa kati ya kichwa na injini liliungua kila mashindano. Tunaanza vizuri, Chongo anapiga kelele zake, halafu katikati ya makonge moshi mweupe, buu, tumekwisha. Tunavutwa kwa kamba mpaka feri. Pale Kilifi kila mtu hukutazama, hakuna pa kujificha kwenye feri, umekaa juu ya boneti unakula mihogo ya kukaanga unajifanya ulipenda iwe hivyo. Mwenye lori akatuuliza siku moja tunakwenda kumzika wapi Chongo.

Kisha ukaja kibandani kwangu na gunia. Ndani yake karai la shaba nyekundu, pana, zito, kitako chake kinene kwa miaka ya kugongwagongwa. Nikalijua palepale. Nikakuuliza, hili si la shangazi? Ukasema, na hukunitazama usoni, sasa ndiyo nakumbuka hukunitazama: "Mama ameridhia. Limetoboka ubavuni, halwa inavuja." Nami nikafurahi kama mjinga. Nikakata kitako, nikakigonga mpaka kikanyooka, tukakichora kwa mkaa, nikatoboa matundu kwa patasi, makubwa ya silinda na madogo ya maji na ya bolti. Nikakufundisha jambo moja ambalo jarida lako halikuwa nalo. Shaba ukiigonga inakuwa kaidi. Lazima uichome mpaka iwe nyekundu, uitumbukize kwenye maji, ndipo inalainika na kukubali kubanwa. Na kila ukifungua injini, kabla ya kuirudisha, uichome tena. Tukaipaka rangi ya fedha ya kupakia mageti, tukafunga.

Jumapili ile ya makonge! Tulikuwa wa tatu. Watu wakiuliza nasema wa tatu, siongezi wala sipunguzi. Chongo hakutoa hata uzi wa moshi. Nilipiga kelele halwa kulia na wewe ukazungusha kwa bega, ulimi nje, na nyuma yetu vumbi limesimama kama ukuta. Wakatupa chupa ya chai ya maua mekundu, ndiyo zawadi ya wa tatu, na ukampelekea mama yako. Kwenye feri ukafungua boneti ukaniita, ukaapa unanusa iliki. Nikanusa. Wallahi hata mimi niliisikia harufu ile.

Sasa sikiliza niliyoyasikia baada ya matanga.

Wageni walipoondoka shangazi aliniita jikoni. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia nikae. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Kazungu, ile shaba iko wapi?" Nikamwambia iko ndani ya Chongo. Akanihadithia. Kumbe karai lile alipewa na bibi yako mzaa baba, siku alipokubaliwa kuingia jikoni mwa nyumba ile. Alikuwa msichana wa Vitengeni, jina lake bado Kadzo, buibui hajui kulivaa, watu wa nyumba wanamwita wa bara. Siku alipopewa karai na mwiko ndipo alipokuwa mtu wa mjini. Na aliyemfundisha kuvaa buibui, kukoroga bila kuunguza, kujibu wifi zake, ni Bi Rukia wa mlango wa mbele. Milango ile inatazamana, Athumani, unaijua. Hapakupita asubuhi hawajagongeana.

Bi Rukia akaliazima karai kwa harusi ya bintiye. Akalirudisha siku ambayo shangazi alikuwa Vitengeni mazikoni. Akakupa wewe, mkononi. Na mama yako aliporudi akaliulizia, ulimjibu nini? Ulimwambia, "Labda bado liko kwake."

Labda!

Neno hilo tu. Wakagombana wanawake wale, mmoja anasema nimerudisha, mwenzake anasema mwanangu hajaliona, na mwanangu hasemi uongo. Mlango ukafungwa. Shangazi akawa anapika halwa kwenye sufuria ya kawaida inayounguza, akilalamika kila siku, nasi tumelala chini ya Chongo tunamsikia. Nilikasirika, mkoi. Nilitoka pale nikaenda mpaka kaburini kwako na nikakutukana, matusi ya Vitengeni, yale mabaya. Mzee aliyekuwa akifagia akadhani ni utani akanipisha. Uliniongopea. Mimi uliniongopea, mimi! Kama ungeniambia ningekukatia kitako cha pipa, kingine chochote, tungeungua tena tukavutwa kwa kamba, ingekuwa nini?

Halafu nikiwa narudi nikakumbuka Mombasa. Mara ngapi ulinikokota mpaka Mombasa kwenye maduka ya vyombo vya shaba, unapindua kila karai, unaligonga kwa kidole, unasema si hili? Nilidhani unatafuta shaba ya gasketi nyingine. Nilikuwa nakununia kwa kuchoka na jua. Ulikuwa unatafuta la kumrudishia, sivyo? Lenye kitako kilekile, ili asijue. Halikupatikana. Na wewe ukawa unasema baada ya mashindano haya, baada ya mashindano haya, mpaka homa ikakuwahi.

Siku ya arobaini yako shangazi aliniambia, "Nataka shaba yangu." Nikamwambia, shangazi, kuitoa ni kumwua Chongo, na mimi nilitaka nimpeleke Kilifi mara moja kwa jina la marehemu, kisha nipumzike. Akanitazama. Akasema hataki kuiuza wala kuipikia, anataka kuishika, na anataka Rukia aione. Akasema, "Nitakufa mlango ule umefungwa?" Nikachukua spana.

Sikuwahi kufungua injini ile bila wewe. Ulikuwa mkono, nami taa. Bolti ya kwanza ilinichubua vidole, nikasema neno ambalo shangazi alijifanya hakulisikia. Kitambaa chako bado kilikuwa kimefungwa kwenye bomba la rejeta, fundo lako lile la ovyo. Na pembeni ya kabureta, kwenye grisi kavu, alama ya kidole gumba. Ni chako, kina kovu la kisu cha madafu. Nikakaa chini pale kwenye mchanga nikalia, Athumani, mtu mzima na ndevu zangu. Shangazi akaniletea chai kutoka kwenye ile chupa ya maua mekundu. Sijaifuta ile alama na sitaifuta.

Kichwa cha injini kilipotoka, shaba ilikuwa nyeusi kwa masizi. Nikaifuta, na chini yake bado nyekundu. Shangazi akaivika kanga, akavaa buibui lake zuri, akavuka kichochoro. Hatua zile ni chache sana kuliko nilivyodhani. Akapiga hodi. Nilisikia mtu akiburuta kiti. Kisha, "Karibu."

Nilimfuata kwa kuwa mimi ndimi niliyekata. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba. Shangazi akaiweka ile shaba mapajani mwake, akasema, "Nisamehe, Rukia. Ni mwanangu." Bi Rukia akaigeuzageuza, akapitisha vidole kwenye tundu dogo, akaona si karai tena. Nilidhani atairusha. Akainyanyua, mkoi, akaweka jicho lake kwenye tundu kubwa la silinda akamtazama mama yako kupitia hapo, akasema:

"Kadzo, umezeeka."

Kadzo! Jina ambalo hakuna mtu mjini amemwita tangu hatujazaliwa. Walicheka wale, wakalia, wakacheka tena, wameshikana kama wasichana, na ile shaba iko katikati yao inawachoma mbavu. Nikatoka nje nikasimama kichochoroni. Sikujua nitie wapi mikono yangu.

Nilisema nitaitengeneza iwe kitu. Kawa, trei, chochote. Bi Rukia akanicheka, akaniuliza chombo chenye matundu vile utapikia nini. Akasema irudishwe ilikotoka, kwa sababu anataka kusikia hiyo kelele iliyomgombanisha na mwenzake. Nikamtazama shangazi. Nikamweleza kwamba haiwezi kurudi hivihivi, imeshakuwa kaidi, lazima ichomwe tena ilainike.

Akasema, "Basi ilete jikoni."

Akawasha moto pale palipokuwa pakikaa karai, kwenye mafiga yaleyale. Nikataka kushika koleo, akanisukuma. Akaishika mwenyewe juu ya makaa, anaigeuza polepole, macho hayatoki, kama anapotazama sukari isije ikaungua. Mimi nimefanya bati maisha yangu yote, na nilikuwa nafungua mdomo kusema sasa, na yeye akasema, "Sasa." Akaitumbukiza majini. Ilipotulia akaibonyeza kwa kidole, ikakubali. Akaishikilia kifuani, bado ina joto, nguo ikamlowa. Akasema jina lako. Akanipa.

Chongo alikohoa, akakataa, akakohoa. Nilimsema vibaya, kama ulivyokuwa ukimsema. Kisha akanguruma, lo! Barani nzima ikatoka nje. Wasichana wa madrasa wakaziba masikio. Bi Rukia akasema kumbe ni hivi tu. Na shangazi akaja akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakiacha hapo mpaka nikazima.

Jumapili iliyopita nimewapeleka Vitengeni. Kiti cha nyuma ulikitupa ili gari liwe jepesi, kwa hiyo Bi Rukia nilimtandikia godoro na mkeka, akashika kwa mikono miwili zile nondo ulizotia ndani zitukinge gari likipinduka. Shangazi akakaa kwenye kiti changu. Nami kwenye chako, mkoi. Miguu yangu haifiki vizuri, nimetia mto mgongoni. Cheka tu.

Nilikuwa nakwenda polepole kwa adabu. Lami ikaisha, njia ya vumbi ikaanza, na kona zikaja, na ndani ya gari hakuna anayezitaja. Hapo ndipo nilipokuona hupo. Si kaburini wala matangani, pale kwenye kona ya kwanza, nimeshika usukani nasubiri mtu aniambie kitu, na mtu wa kuniambia ndiye mimi, na mimi nimekaa mahali pako. Nikataka kusimama.

Shangazi akasema, macho ameyakazia mbele, "Uji kulia."

Nikadhani nimeota. Nikapinda.

"Chai kushoto. Haya. Halwa kushoto, Kazungu. Halwa, halwa!"

Njia nzima, Athumani! Anaijua yote. Miaka ile anakoroga na kutusuta alikuwa anasikiliza. Nikashusha gia, nikazungusha kwa bega, Chongo akaenda ubavu, na Bi Rukia huko nyuma akitoa shahada kila kona. Tulipofika kwenye ile tambarare kabla ya shule shangazi akasema, "Na hapa huongezi?" Nikaongeza. Tulifika kwetu tumekuwa wekundu kwa vumbi, watu watatu na meno tu, na wazee wakauliza nani amekufa tena.

Ndizo habari. Mengine ni madogo. Pale Kilifi wanajenga daraja, nguzo zimeshatoka majini, wanasema feri itaondoka. Sijui tutaaibikia wapi sasa. Ghalani wameweka karani mwingine, mwandiko wake mbaya. Shangazi na Bi Rukia wanapika pamoja, wamenituma niwagongee karai jipya, na nimeshapata shaba. Mashindano ya makonge yakija nitampeleka Chongo. Mama yako anasema msoma njia ni yeye, na Wazungu bado hawajaona kitu. Nimemwambia helmeti haikai juu ya buibui. Ameniambia hayo si yangu.

Nakuahidi haya, na mtani akiahidi ujue hatanii. Kila injini ikifunguliwa, ile shaba itakwenda kwenye mafiga ya mama yako kabla ya kurudi. Nitampitia kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, nipige hodi milango yote miwili. Na hakuna atakayefuta kidole chako kwenye kabureta nikiwa hai.

Bi Rukia amekusamehe, ameniambia nikuandikie. Mimi pia nimekusamehe, ingawa matusi yale siyarudishi, ulistahili. Mama yako bado. Nilimuuliza jana, anakoroga, hakugeuka. Amesema atakusamehe mkionana, uso kwa uso, si kabla, na umngoje mlangoni.

Basi mngoje, mkoi. Ila usimwite. Njia tunayo bado, na yeye ndiye anayeijua.

Ni mimi, mwenye kiti chako,
Kazungu